Steringi Hali Rushwa

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha nimesimama juu ya benchi, nje ya Sinema Almasi, Temeke, saa nne asubuhi, mkononi nina barua ya Kiingereza na watu zaidi ya mia wananisubiri niwasomee. Kwa ambao hamkuwapo nitasema kwa ufupi, maana habari hii kila nikiigusa napandwa na hasira.

Naitwa Leonardi. Mwaka ule wa msako wa walanguzi, themanini na tatu, nilikuwa mfasiri wa picha. Picha ikianza mimi nakaa pembeni ya kitambaa na kipaza sauti, wazungu wanasema kwao, mimi nasema kwetu. Nilifanya kazi hiyo miaka tisa, na Temeke nzima waliniita Sauti.

Na Kiingereza sikijui.

Hayo nimeshayaungama, na barua zenu za matusi nimezipata, ahsanteni. Nilitoka Masasi na darasa la nne. Nilijua yesi, noo na henzapu. Mengine yote nilikuwa natunga mwenyewe, naangalia mdomo wa mtu unavyokwenda, nampa maneno.

Mwenye sinema alikuwa Mzee Husseinali Bandali, mzee wa Kihindi aliyenipa kazi bila kuniuliza cheti. Kiongozi wa msako katika mtaa wetu alikuwa Ndugu Gaudens, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu tatu mfukoni. Asubuhi ile Gaudens na watu wake waliipekua sinema kuanzia choo hadi dari wakitafuta sukari na sabuni zilizofichwa. Hawakupata hata punje. Walichopata ni barua moja, ndani ya mkebe wa picha.

Lakini kabla ya benchi lile kuna jambo la Jumamosi iliyotangulia, ambalo maana yake sikuiona mpaka nilipokuwa nimeshaharibu.

Jumamosi hiyo, saa tisa mchana, tulionyesha picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Picha mpya zilikuwa haziji, fedha za kigeni hakuna, kwa hiyo Mzee alikuwa anafukua mikebe ya miaka ya nyuma. Ilikuwa habari ya polisi mpelelezi, koti refu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, katika mji ambao mvua yake haikatiki.

Picha haijafika mbali, watu wakaanza.

"Steringi nani?"

"Sauti, tuambie, steringi nani!"

Mtu wa Temeke haangalii picha mpaka ajue steringi nani na adui nani. Steringi hafi. Steringi hakimbii. Steringi hali rushwa. Usipomtaja mapema unarushiwa maganda ya machungwa, na mimi nilishawahi kurushiwa mpaka na chungwa lenyewe.

"Steringi ni huyo mwenye kofia," nikawaambia.

Wakatulia. Baada ya dakika kumi mwenye kofia akaingia ofisini kwa mtu mmoja mnene mwenye sigara. Mnene akasukuma bahasha juu ya meza. Mwenye kofia akaichukua, akaitia ndani ya koti, akatabasamu.

Ukumbi ukalipuka.

"Aaa! Kachukua mlungula!"

"Sauti, umetupa steringi wa bandia!"

Maganda yakaanza kuruka. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu watazamaji! Huo ni mtego! Steringi anaichukua iwe ushahidi! Steringi hali rushwa!"

Wakapiga makofi, wakapiga miluzi, wakakaa.

Picha nzima ikaenda hivyo. Yule mtu alikula kila alichopewa, akamuuza rafiki yake, akampiga mwanamke kofi, nami kila mara nikamtakasa. Mwishoni akapigwa risasi mbili, akaangukia kwenye mtaro.

"Kajifanya kafa," nikasema. "Mtamwona sehemu ya pili."

Wakatoka wameridhika. Mtu mmoja tu alikuwa anacheka, kule viti vya juu, peke yake. Ndugu Gaudens. Alicheka mahali ambapo sikutia mzaha wowote, akafuta machozi kwa leso. Mimi, mjinga, nikadhani kapenda.

Sasa turudi kwenye benchi.

Ile barua aliitoa mkebeni balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinjuma, kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona. Isingewezekana tena ipotee kimya kimya.

"Inasemaje hii?" Mwinjuma akauliza.

Gaudens akaipokea, akaipitisha macho. Uso ukambadilika kidogo, ukarudi. Kisha akaangaza huku na huku mpaka akaniona.

"Nikisoma mie mtasema nimepindisha," akawaambia watu. "Mie ndiye mpekuzi, haipendezi. Mfasiri si yupo? Tena mfasiri wenu wenyewe!"

"Sauti! Sauti!" wakaanza kuimba, wakanipandisha benchi.

Mzee Husseinali alikuwa amekalishwa chini kando ya ukuta, pingu mikononi. Akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani ananiomba nisitoe siri yake. Leo najua alikuwa ananiambia nishuke.

Ningeweza kushuka. Maneno yalikuwa matatu tu: mie Kiingereza sikijui. Lakini watu mia wanakuita jina, jua linakupiga, na wewe kwa miaka tisa umelishwa na mdomo wako. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Bosi," nikasoma, "mzigo umefika salama. Tumeuficha kwenye mikebe ya picha. Polisi hawajui kitu. Bei ikipanda tutautoa."

Kelele zikapanda hadi mbinguni. Na mimi, nitasema kweli, nikanogewa. Nikaigeuza ile karatasi nyuma, hakukuwa na maandishi yoyote, nikaongeza: "Ukimaliza kusoma, ichome moto."

"Mlanguzi! Mnyonyaji! Aondoke!"

Gaudens akamwambia karani wake aandike. Nikatia sahihi. Mikebe yote ikafunguliwa, ndani picha tupu.

"Basi wameshauhamisha," Gaudens akasema. "Barua si imesema ulikuwepo?"

Wote wakaona ni kweli. Hata mimi niliyetunga, Mungu anisamehe, nikaona ni kweli.

Wakamwondoa Mzee. Mchana huohuo Gaudens akanifuata, akanitia funguo za sinema mkononi.

"Wananchi wanahitaji burudani. Kuanzia leo wewe ndiye meneja."

Sikuuliza kwa amri ya nani. Nilizichukua. Hapo msinitetee, wasomaji wangu, nilizichukua na nikasema ahsante.

"Una Kiingereza kizuri sana, Leonardi," akasema, akacheka kicheko kilekile cha viti vya juu. Nikacheka naye.

Nyumbani Chang'ombe nilimkuta mke wangu, Eufrazia, anapuliza moto.

"Nasikia Mzee wako kachukuliwa kwa sababu ya barua. Nani kaisoma?"

"Mie."

Akaacha kupuliza.

"Wewe? Dawa ya mtoto juzi ulimpelekea jirani akusomee vijiko vingapi!"

"Sema polepole, watu watasikia."

"Acha wasikie! Unajua barua ile ilisema nini, Leonardi? Unajua?"

Nikamwonyesha funguo. Nilitaka afurahi. Alizitazama, akanitazama, akarudi kwenye jiko lake, na siku ile sikupewa chakula.

Alhamisi Fatmabai, mke wa Mzee, akatuma mtu kuniita. Nilikwenda saa saba mchana, miguu mizito.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Fatmabai kazaliwa Lindi. Kiswahili chake cha kusini kilinishinda hata mimi niliyetoka huko. Hakupiga kelele. Akanimiminia chai.

"Sukari hakuna," akasema. "Walichukua hata ya kwenye kibakuli."

Mke wa mlanguzi wa sukari, nami tunakunywa chai isiyo na sukari.

"Barua ile niliiandika mie," akasema. "Mzee mkono unamtetemeka siku hizi. Anasema yeye, naandika mie."

"Ilisema nini, Mama?"

"Ilikuwa ya wakubwa wa Gaudens, mjini. Ilisema Gaudens kaja hapa mara tatu. Analitaka gari letu, ile Pijo, tuiandike kwa jina lake, la sivyo atatupekua. Ilisema tunaomba mtulinde. Mzee akaificha kwenye mkebe mpaka apate mtu wa kumwamini wa kuipeleka."

Badala ya kulia, nikapandwa na hasira. Hivi ndivyo nilivyo.

"Sasa kwa nini mliandika Kiingereza?" nikafoka. "Mngeandika Kiswahili kila mtu angesoma!"

"Mzee barua za serikali kazoea hivyo toka zamani. Hilo ni kosa letu." Akaweka kikombe chini. "Lako ni lipi?"

Nikalikwepa swali.

"Nakala ipo?"

"Haipo. Na barua yenyewe imepotea. Nimeambiwa kwenye faili kuna tafsiri yako tu, na sahihi yako."

"Mama, mie... Kiingereza..."

"Najua. Mzee anajua toka picha ya kwanza. Mie nilimwambia amfukuze huyu kijana, anadanganya watu. Akakataa. Alikuwaga anashuka kila Jumamosi kukusikiliza. Kiingereza chote cha zile picha anakijua, na bado anakuja kusikia chako. Akirudi huku ananisimulia, anacheka peke yake."

Ndugu zangu, bora angenizaba kibao.

Na hapo ndipo kile kicheko cha Gaudens kiliponiingia kichwani chote. Gaudens anajua Kiingereza. Alikaa viti vya juu Jumamosi nzima akisikia polisi mla rushwa anasema hivi na mimi nasema vile. Alijua sijui. Siku ile mtaani hakuwa anatafuta mfasiri. Alikuwa anatafuta mwongo anayeaminika, na mwongo huyo nilikuwa nimejitangaza mwenyewe kwa kipaza sauti.

"Kesho kamati inakaa," Fatmabai akasema. "Wakithibitisha ile tafsiri, Mzee anapelekwa mbali, na kwa umri wake sitamwona tena. Utasema nini?"

"Nitasema kweli."

"Utafungwa."

"Nifungwe!"

Nilisema kwa sauti ya ukumbini. Aliniangalia, nadhani hakuniamini, na simlaumu.

Ijumaa kamati ya uchunguzi ilikaa kwenye ukumbi mmoja wa Chang'ombe. Nilifika mapema. Gaudens alikuja kwa gari. Niliiona Pijo nyeupe ya Mzee kabla sijamwona yeye, akashuka, akaufunga mlango kwa nyonga, funguo anazizungusha kidoleni. Nikaitia mikono mfukoni.

Ukumbi ulijaa. Mzee Husseinali aliketi mbele, ndevu zimeota, shati lilelile la siku ile. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, Ndugu Benedicta, miwani imeshuka puani, mama asiyetabasamu.

"Shahidi, tafsiri hii ni yako?"

"Sahihi ni yangu, Ndugu Mwenyekiti. Lakini tafsiri si ya kweli."

"Si ya kweli kivipi?"

Nikavuta pumzi.

"Mie Kiingereza sikijui."

Watu wakacheka.

Walicheka wote. Nusu ya watu wale walikuwa watazamaji wangu, walidhani Sauti kaanza vituko vyake. Mmoja akapiga mluzi.

"Sitanii!" nikapiga kelele. "Miaka tisa nawadanganya! Yote nilitunga! Sijui hata neno moja!"

Wakacheka zaidi. Mtu wa mstari wa nyuma akasimama.

"Sauti bwana! Na yule steringi wa mtaroni, sehemu ya pili lini?"

"Hakuna sehemu ya pili! Yule alikufa! Alikuwa mla rushwa, akafa, mkapiga makofi kwa sababu mie niliwaambia mpige! Wapumbavu nyie!"

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimewaudhi. Ndugu Benedicta akagonga meza.

"Mpeni gazeti la Kiingereza asome."

Nikaletewa. Nikalitazama, nikalirudisha. "Sijui," nikasema.

Gaudens akasimama, mpole kabisa.

"Ndugu Mwenyekiti, mtu anayejua anaweza kupimwa. Asiyejua atapimwaje? Kulitazama gazeti na kunyamaza hata mie naweza."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali.

"Tena atueleze," Gaudens akaendelea, "jana saa saba mchana alifuata nini nyumbani kwa mke wa mtuhumiwa. Kakaa nusu saa. Kapewa nini huko?"

"Chai!" nikasema. "Nilipewa chai, tena haina sukari!"

"Mnasikia wenyewe. Kaenda, kanywa, leo kageuza maneno."

Damu ikanipanda. Nikaruka kiti, mgambo wawili wakanishika mikono.

"Wewe ndiye mla rushwa! Barua ile ilikuwa inakushitaki wewe! Hiyo Pijo hapo nje ni ya nani? Waambie! Ya nani?"

Gaudens hakutingishika. Aliwageukia watu, akaweka mkono kifuani.

"Ya mtuhumiwa," akasema. "Nimeichukua iwe ushahidi."

Wakampigia makofi.

Niliyajua makofi yale. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe mahali pa kuyapiga, na yeye aliyasoma maneno yale kutoka mdomoni mwangu, Jumamosi ile, akiwa viti vya juu. Nilitaka kumrukia, sikuweza. Nikawa nahema tu.

Ndugu Benedicta akasubiri utulivu. Kisha akavua miwani, akamgeukia Mzee Husseinali.

"Mtuhumiwa, simama. Huyu umemwajiri miaka tisa. Hakuna mtu hapa anayemjua kuliko wewe. Nakuuliza swali moja. Anajua Kiingereza, au hajui?"

Mzee akasimama kwa shida.

"Kabla hujajibu, nisikilize vizuri," mama yule akaendelea. "Ukisema anajua, tafsiri hii inasimama na wewe utakwenda nayo. Yeye nitamhesabia kafanya mzaha, aende nyumbani. Ukisema hajui, tafsiri hii inaanguka. Lakini hapo utakuwa umewauzia wananchi tiketi miaka tisa kwa uongo, na ukijua ni uongo. Ni kosa jingine, kifungo chake si kirefu kama hiki. Ila ni kosa la watu wawili, na mtakwenda pamoja."

Gaudens, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akakosa cha kufanya na zile funguo, akazishika.

Mimi nilijua Mzee anajua jibu. Nilimtazama, nikamwomba moyoni alitoe upesi, alimalize, aseme hajui, kama nilivyokuwa nimesema mwenyewe kwa mdomo wangu mbele ya watu wote.

Mzee hakumjibu mwenyekiti. Alinigeukia mimi.

"Leonardi, mwanangu," akasema, "nimjibu nini huyu mama?"

Mgambo wakaniachia mikono ili niseme. Watu wote wakanitazama.

Na mimi niliyekuwa nimepiga kelele jana yake kwamba nifungwe, Mungu ananiona, sikujibu papo hapo. Nilianza kupiga hesabu.